BSA ya guka haikuwa baiskeli tu

Ukisikia BSA unawaza baiskeli ya guka, siyo? Basi jua ni Birmingham Small Arms, kampuni ya Uingereza iliyoanza 1861 kwa kuunda bunduki. Ya kutamaniwa ni Martini ya .22, ya kulenga shabaha. Unashusha mkono wa chuma, unatia risasi moja, unafunga, unatulia, unafyatua. Moja tu, msee! Mbwembwe za sinema hazipo, na hiyo ndiyo raha yenyewe.

Kuimiliki kule, mlima si bei, ni polisi: wanataka cheti, sababu ya maana kama klabu ya shabaha, na mahali salama pa kuifungia. Ukiinunua, chungulia mtutu kwanza. Mbao zikichakaa si hoja. Kutu humo ndani itakukosesha hata ukilenga fiti.