Jogoo Mwekundu na Tone la Jichoni

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Na wewe mdogo, mwache huyo kifaranga arudi kwa mama yake. Usiku huu anahitaji mabawa kuliko viganja vyako.

Nilipokuwa na umri kama wenu, kule Singida, bibi yangu alinipa mtetea. Hakuwa na manyoya shingoni, kwa hiyo tukamwita Kishingo, kama waitwavyo kuku wote wa aina yake. Majirani walikuwa na kuchi wenye miguu mirefu, wengine walikuwa na kuku wenye kibwenzi kichwani, lakini mimi sikuona kuku mzuri kama wangu. Bibi akaniambia, "Huyu si kitoweo, mjukuu wangu. Huyu ni mbuzi." Nikacheka. Akanieleza: atotoe, uwauze majogoo, ununue mbuzi jike. Kwetu ng'ombe walikuwa wa baba, ila kuku walikuwa wa mama na watoto. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa na daftari zangu vyote vilitoka kwenye lile banda la miti na udongo.

Kishingo akataga mayai 12, kisha akayaatamia. Siku 21, wajukuu zangu! Alitoka mara chache tu, akala harakaharaka, akanywa, akarudi. Kila siku aliyageuza mayai kwa mdomo wake, mara nyingi, ili kila upande upate joto na kifaranga asigande kwenye ganda. Siku ya 20 nikatega sikio. Nikasikia sauti ndani ya yai! Nikadhani nimekosea, lakini Kishingo naye akajibu taratibu, kruu, kruu. Walikuwa wakizungumza kabla hawajaonana. Kifaranga ana kijino kigumu juu ya mdomo, anakitumia kutoboa ganda, na baada ya siku chache kinadondoka. Na anapotoka, tumboni bado ana akiba ya kiini cha yai inayomtosha siku mbili tatu bila kula. Ndiyo maana mama hakurupuki kwenda kutafuta chakula. Anawasubiri waliochelewa.

Walitotolewa 10. Mwewe akachukua wawili, kicheche mmoja. Saba wakabaki, na mimi nilishaanza kumpa jina yule mbuzi wangu.

Ukafika mwezi wa tisa. Mashamba yamekauka, kuku wanazurura mbali kutafuta wadudu, na kila mtu anataka fedha kabla ya mvua. Mjomba akarudi kutoka mnadani na jogoo mwekundu aliyeuziwa kwa bei ya kutupa. Jogoo alikuwa amezubaa kidogo. Tukasema amechoka na safari. Tukamfungulia akachangamana na wenzake.

Baada ya siku chache, kuku wa kwanza akajikunyata pembeni, mabawa yameshuka. Kinyesi kikawa kijani. Wengine walihema midomo wazi, na wengine shingo zikajipinda mpaka kichwa kikatazama mgongoni. Bibi akawatilia pilipili na shubiri kwenye maji, kama alivyofundishwa na mama yake. Hawakupona. Kishingo nilimkuta asubuhi kwenye kiota chake. Kati ya kuku zaidi ya 30, wakabaki wanne.

Na tulifanya kosa jingine, ambalo bado linaniuma. Wale waliokuwa wameanza kuzubaa tukawatia kwenye tenga, tukawapeleka mnadani kabla hawajafa. Yaani tuliwatendea wengine vilevile tulivyotendewa sisi. Wiki chache baadaye nilisikia vijiji vya mbele navyo vinalia.

Ugonjwa huo ni mdondo, na jina linajieleza. Wengine huuita kideri. Wazungu waliupa jina la Newcastle, mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Mwaka huohuo ulionekana pia Java, Indonesia. Unaletwa na kirusi, kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, kinachokaa kwenye mate na kinyesi cha kuku mgonjwa. Kinapanda tenga, kinapanda basi, kinang'ang'ania hata kwenye soli ya kiatu. Kuku akishaugua, hakuna dawa ya kukiua.

Kinga ipo. Ila zamani chanjo zilitaka barafu njia nzima, na chupa moja ilikuwa ya kuku 1,000 au zaidi. Nani kijijini alikuwa na kuku 1,000? Ndipo Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakapata chanjo iitwayo I-2. Ni kirusi cha ukoo uleule lakini kipole, hakimuumizi kuku, na kinavumilia joto kuliko vile vya chanjo za zamani. Mbegu yake ilitolewa bure kwa nchi kama yetu, na maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, ikawa inaitengeneza. Chanjo inaweza kufika kijijini ikiwa imefungwa kitambaa kibichi ndani ya kikapu, mbali na jua.

Mnauliza kwa nini tunaidondosha jichoni? Jicho la kuku lina njia ya kushuka puani na kooni, kulekule anakopitia adui. Na nyuma ya jicho kuna tezi yenye walinzi wa mwili. Tone linawaonyesha walinzi sura ya adui, ili siku akija mwenyewe wamtambue. Kifaranga tone moja, jogoo mkubwa tone moja. Miezi mitatu ikipita walinzi wanaanza kusahau, na tayari kuna vifaranga wapya wasiojua lolote, kwa hiyo tunarudia. Tunachanja kuku wazima tu, na tunachanja mapema, kabla ya ile miezi ya kiangazi.

Kesho alfajiri mchanjaji atapita nyumba zote za kitongoji hiki. Msifungue banda mpaka afike. Kila mmoja atamlaza kuku wake ubavu, jicho moja juu, na asimwachie mpaka apepese.

Na yule jogoo aliyeletwa leo na shangazi yenu, msimwingize bandani. Atakaa peke yake kwenye tenga, nyuma ya jiko, wiki mbili. Anayempelekea maji anawe mikono kabla ya kuwagusa wengine. Ni mwekundu, nimemwona.