Pweza wa Mafia: Kufunga mwamba kwahitaji mpango, si wazo tu

Wazo zuri lisilotekelezwa halimpatii mtu hata senti. Biashara ya pweza kisiwani Mafia inalithibitisha hilo. Huko, wavuvi wa Jibondo wamejaribu utaratibu wa kufunga baadhi ya miamba kwa muda.

Wazo lenyewe ni jepesi. Pweza hukua haraka na maisha yake ni mafupi. Akichokolewa mapema huuzwa kwa uzito mdogo. Akiachwa kwa miezi mitatu hivi, hufika sokoni akiwa mzito, na mnunuzi hulipa kwa kilo. Majike nayo hupata nafasi ya kutaga. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai pangoni, kisha hufa.

Utaratibu huu ulijaribiwa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, baadaye ukaenea hadi Pemba na Kenya.

Ugumu uko kwenye utekelezaji. La kwanza ni riziki: familia itakula nini mwamba ukiwa umefungwa? Dawa yake ni kufunga sehemu tu, na kuacha wazi miamba ya karibu ambako wanawake huchokoa kwa miguu wakati wa bamvua.

La pili ni ulinzi. Mwamba uliojaa pweza huwavutia wavuvi wa dago. Bila mipaka inayojulikana, doria na faini isiyobagua, wanaovumilia huvuna hasara na wezi huvuna faida. Jibondo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995 ikiwa na kilometa za mraba 822, hivyo kijiji na hifadhi hawana budi kushirikiana.

La tatu ni soko, na hapa ndipo wengi huteleza. Siku ya kufungua, mzigo hutoka kwa mkupuo. Mnunuzi akiwa mmoja na barafu ikiwa haba, bei huanguka na faida ya miezi mitatu hupotea kwa siku moja. Inafaa bei ipatanwe kabla, wanunuzi kadhaa waarifiwe, na barafu iwe tayari Kilindoni kabla ya mzigo kuvushwa kwenda Nyamisati.

Mchuuzi anayetaka pweza wakubwa aulize mapema tarehe ya kufungua. Atakayengoja habari za mitaani atakuta mizani imekwishafungwa.