Pasipoti ya Kigeni, Makumbusho ya Nyumbani

Familia zetu nyingi zinazotoka ughaibuni kwenda Laare, eneo la Waigembe huko Meru, hupita Meru mjini bila kusimama, kwa haraka ya kumwona nyanya. Makumbusho ya Meru hukumbukwa siku ya kurudi, wakati gari la kwenda Nairobi limeshaanza kupakiwa. Afadhali kuanza nayo, hasa mkiwa na watoto waliozaliwa nje.

Jengo lenyewe ni somo. Lilijengwa kwa mawe mwaka 1916, likawa ofisi ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza, miaka michache baada ya afisa wa kikoloni E. B. Horne, ambaye Wameru walimbandika jina la Kangangi, kuanzisha kituo cha serikali. Lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1974. Historia ya Wameru, basi, inasimuliwa ndani ya ofisi ya serikali iliyowatawala. Mtoto aelezwe hilo akiwa bado mlangoni. Nje kuna boma la Kimeru, bustani ya mitishamba, na nyoka ambao, tuseme ukweli, ndio watakaosimuliwa shuleni.

Waelezeni pia habari za Mbwaa. Wazee husimulia kwamba Wameru walikaa huko penye maji, wakakimbia utumwa wa watu wekundu. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Mlima Kenya na pwani, kumbe, havijawahi kuwa mbali hivyo.

Kiingilio huwaudhi wengi. Makumbusho ya Taifa hutoza raia bei moja na wageni bei nyingine ya juu. Ukionyesha pasipoti ya kigeni wewe ni mgeni, hata ukiongea Kiigembe vizuri kuliko karani. Lakini Katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, na aliyekuwa Mkenya wa kuzaliwa akaupoteza uraia anaweza kuuomba tena. Wanaobaki na pasipoti ya kigeni pekee waombe idhini ya kielektroniki ya kusafiri, iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024.

Kisha pandeni kupitia Maua hadi Laare. Hapo historia haina kioo wala kibandiko: kuna mbaine, miraa mikongwe iliyorithiwa kizazi hadi kizazi, na soko ambamo mabunda hufungwa majani ya mgomba yasikauke njiani. Mwombeni mzee awaeleze ncoolo, kitita cha miraa cha heshima kinachopelekwa wakati wa posa. Miraa si biashara tu kwa Waigembe, na anayeijua kwa habari za polisi wa Ulaya pekee hajaijua.

Hata hivyo, sheria ni sheria. Uholanzi iliipiga miraa marufuku mwaka 2013, Uingereza tarehe 24 Juni 2014, na Marekani nako hairuhusiwi. Afisa wa forodha Heathrow hatasikiliza habari za mila. Pigeni picha mpendavyo. Bunda lenyewe liacheni Laare.