Onyo la Kwanza: Ulinzi wa Raia Nchini Burundi na Suala la Lugha katika Mpaka wa Kobero

Utangulizi

Ibara ya 61 ya Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inaorodhesha kazi 15 za ulinzi wa raia. Uokoaji, uzimaji wa moto na huduma za tiba zimo, lakini kazi inayotajwa kwanza ni kutoa onyo. Mpangilio huo una mantiki, kwani onyo humfikia mwananchi kabla ya madhara. Makala haya yanafafanua jinsi kazi hiyo inavyotegemea lugha katika Kobero, kituo cha mpaka kati ya Muyinga na Ngara.

Kukua kwa asasi

Nchini Burundi, ulinzi wa raia umekulia chini ya wizara yenye dhamana ya usalama. Soko Kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, helikopta kutoka Rwanda zilisaidia kuuzima moto. Mwaka uliofuata, mafuriko ya Februari 2014 yaliua makumi ya watu katika jiji hilohilo. Uratibu wa wizara na wadau hufanyika kupitia jukwaa la taifa la kuzuia hatari na kusimamia maafa, ambalo lina ngazi za mikoani. Mwaka 2025 mikoa ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi zikaunganishwa kuwa Buhumuza. Mkoa ukipanuka, muda kati ya tukio na amri huweza kurefuka, na uzito wa wale walio karibu na tukio huongezeka.

Hatari iliyopo Kobero

Kobero hupitisha malori ya mafuta yatokayo Dar es Salaam. Historia ya ukanda huu inaonya. Huko Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, watu zaidi ya 200 walifariki. Mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya 100. Katika ajali zote mbili lori lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota mafuta, kisha moto ukalipuka. Kati ya kumwagika kwa mafuta na mlipuko, kilichoweza kuokoa maisha ni maneno machache yanayoeleweka.

Pengo la istilahi

Wakazi wa Kobero huzungumza Kirundi. Madereva na wachuuzi wengi hutumia Kiswahili. Nyaraka za utawala huandikwa kwa Kifaransa. Hata jina la asasi lina utata. "Ulinzi" humkumbusha Mtanzania jeshi, "usalama wa raia" humkumbusha polisi, nayo "kinga" huelekea kwenye chanjo na sheria. Tanzania hutumia "usimamizi wa maafa" kwa uratibu na "zimamoto na uokoaji" kwa jeshi linalofika kwenye tukio. Kwa hiyo, kutafsiri jina la Kifaransa neno kwa neno hakumwelezi dereva ni nani anayemwamuru asimame.

Hitimisho na mapendekezo

Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Wakuu wa Nchi waliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, inaweza kuratibu orodha fupi ya istilahi za dharura kwa vituo vya mpakani. Orodha hiyo ianze na sentensi za amri, kabla ya majina ya idara: "Kaa mbali. Usichote mafuta. Usiwashe moto." Zitungwe pamoja kwa Kirundi na Kiswahili, zijaribiwe kwa madereva na wachuuzi wenyewe, kisha zikubaliwe na pande zote mbili za mpaka. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na gari moja la zimamoto, na haihitaji kusubiri amri kutoka Gitega wala Dodoma.