Tangawizi ya Juba: Mbichi, Kavu na Iliyopikwa

Miongoni mwa mimea ambayo sehemu yake ya ardhini hutumiwa kwa chakula na kwa dawa pia, jinsengi ya Korea na ya kaskazini-mashariki mwa China, ijulikanayo kitaalamu kama Panax ginseng, ndiyo iliyovuma zaidi duniani. Lakini mmea huo huhitaji kivuli cha msitu, majira ya baridi ambamo mzizi hupumzika, na subira ya miaka kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6, kabla ya kuvunwa, masharti ambayo hali ya hewa ya Juba, mji wa Sudan Kusini ulio kando ya Bahr el Jebel, yaani Nile Nyeupe, nyuzi zipatazo 5 tu kaskazini mwa ikweta, haiwezi kuyatimiza. Nafasi ambayo Wakorea wameipa jinsengi katika chai yao na katika supu ya kuku aliyejazwa wali, kwa wakazi wa Juba imeshikwa na tangawizi, ambayo si mzizi hasa bali ni shina lilalo ardhini, yaani rizomu, la mmea ulio wa ukoo mmoja na manjano na iliki.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo mtumiaji wa tangawizi anaweza kujifunza kutoka kwa Wakorea, nalo ni kwamba namna mzizi unavyoandaliwa hubadilisha kilichomo ndani yake. Jinsengi iliyokaushwa tu huitwa nyeupe, na ile iliyopikwa kwa mvuke kisha ikakaushwa huitwa nyekundu, na hizo mbili huuzwa kama bidhaa tofauti kwa kuwa joto hugeuza baadhi ya jinsenosaidi, ambazo ndizo kemikali bainifu za mmea huo, kuwa za aina nyingine. Mapishi ya tangawizi, kinyume chake, mara nyingi humwelekeza mtu atie kiungo hicho bila kumwambia kama ni kibichi au kikavu, na kama kitangulie motoni au kifuate, ilhali tofauti ni kubwa.

Ukali wa tangawizi mbichi hutokana zaidi na kundi la kemikali liitwalo jinjeroli. Tangawizi inapokaushwa, sehemu ya jinjeroli hupoteza molekuli ya maji na kuwa shogaoli, ambayo ukali wake hukadiriwa kuwa takriban maradufu, na ndiyo sababu kipande kikavu huwasha koo kuliko kibichi, licha ya kuonekana kimesinyaa na kupoteza harufu yake ya majani na limau. Inapochemshwa kwa muda mrefu, jinjeroli nyingine huvunjika na kutoa zinjeroni, yenye ukali mdogo na harufu tamu. Kwa hiyo mpishi anayechukua rizomu moja huwa na viungo vitatu mkononi, na uchaguzi wake unapaswa kutegemea chungu kilicho mbele yake.

Wanawake wanaouza chai na kahawa chini ya miti na vibanda vya Juba, katika soko la Konyo Konyo, soko la Custom na kando ya barabara nyingi, hutumia tangawizi kavu katika kahawa ya jabana, na wana sababu nzuri. Buni mbichi hukaangwa juu ya jiko la makaa mpaka ziwe nyeusi-nyeusi, kisha hutwangwa kinuni pamoja na vipande vikavu vya tangawizi, unga huo ukachemshwa na kumiminwa katika jabana, chombo cha udongo au cha bati chenye shingo nyembamba, ambacho mdomo wake huzibwa kwa nyuzi za mtende ili masimbi yasiingie katika finjani. Buni iliyokaangwa namna hiyo ni chungu mno, na harufu laini ya tangawizi mbichi ingepotea humo bila kuonekana, lakini shogaoli haipotei. Zaidi ya hayo, tangawizi kavu husagika sawasawa na buni, ilhali ile mbichi, ambayo takriban asilimia 80 ya uzito wake ni maji, ingeugeuza unga kuwa tope. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar ataitambua mara moja kahawa hiyo kuwa ni ndugu wa kahawa chungu inayomiminwa kutoka kwenye dele, ila ile ya Juba hunywewa na sukari nyingi kiasi kwamba, kwa afya ya mnywaji wa kila siku, sukari hiyo ndiyo inayostahili kuangaliwa kabla ya tangawizi.

Chai ya maziwa hudai utaratibu mwingine. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kiitwacho zinjibaini, ambacho hukata protini za maziwa na kuyagandisha. Watu wa Guangdong nchini China hukitumia makusudi kutengeneza kitindamlo cha maziwa mgando, lakini kwa mpika chai huwa ni hasara, naye mara nyingi huwalaumu wauza maziwa bila haki. Tiba yake ni rahisi: tangawizi iliyopondwa ichemshwe kwanza katika maji pamoja na majani ya chai kwa dakika kama 5 au zaidi, ili joto liharibu kimeng'enya hicho, na maziwa yaongezwe baadaye. Anayetumia unga mkavu hukutana na tatizo hilo kwa nadra, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya kimeng'enya hupotea wakati wa kukausha.

Kimeng'enya hichohicho huwa msaada katika nyama. Nyama ya mbuzi au ya ng'ombe mzee ikipakwa tangawizi mbichi iliyosagwa na kuachwa kwa saa moja au mbili, nyuzi zake hulainika kabla ya kuwekwa motoni, na kuni au makaa, ambayo bei yake huwaelemea wakazi wengi wa mjini, hutumika kidogo zaidi. Ikilazwa usiku kucha kwa kiasi kikubwa cha tangawizi, hata hivyo, upande wa nje huwa laini kupita kiasi na hupondeka mdomoni. Samaki wa Nile hahitaji kulainishwa, bali tangawizi humpunguzia shombo, na hapo kipande kibichi kinachotiwa mapema katika mafuta pamoja na kitunguu kinatosha.

Vinywaji baridi vinahitaji tahadhari ya pekee. Karkade, yaani maua makavu ya rosela yanayotoa maji mekundu yenye uchachu, hupatana vizuri na tangawizi mbichi, kwa kuwa uchachu huo huitokeza ile harufu ya limau. Lakini tangawizi haiui vijidudu vya kipindupindu, na katika mji ambao kaya nyingi hununua maji kutoka kwa magari yanayoyachota mtoni, maua na tangawizi vinapaswa kuchemshwa pamoja na kupozwa vikiwa vimefunikwa, badala ya kulowekwa katika maji mabichi, na barafu isiyojulikana ilikotoka isitiwe.

Kuhusu dawa, ushahidi wa kitaalamu ulio imara zaidi unahusu kichefuchefu, hasa cha miezi ya mwanzo ya ujauzito, ambapo gramu 1 ya unga mkavu kwa siku, sawa na takriban nusu kijiko cha chai, ndicho kipimo kilichochunguzwa mara nyingi. Tangawizi haitibu malaria wala homa ya matumbo, na chai yake isimcheleweshe mgonjwa kupimwa. Mtu anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande hana budi kumwuliza daktari kabla ya kuinywa kwa wingi, na mwenye kiungulia huenda akaona kinazidi.

Tangawizi mbichi, ambayo kama mazao mengi ya bustani yanayouzwa Juba hufika kutoka Uganda kwa barabara ya Nimule, ichaguliwe iliyo ngumu na yenye ngozi isiyokunjamana. Kavu inunuliwe katika vipande badala ya unga, kwa sababu unga hupoteza harufu upesi na ni rahisi kuchanganywa na vitu vingine, nayo itunzwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, hasa majira ya mvua, maana iliyoota ukungu, hata ikisuguliwa, huweza kubaki na sumu na haifai tena. Rizomu iliyochipua si ya kutupwa: mvua zinapoanza mwezi Aprili, hupandwa katika gunia lenye udongo mwepesi na samadi, chini ya kivuli cha mwembe, ikamwagiliwa mvua zikikatika, na baada ya miezi 8 hadi 10, majani yanapokauka, huchimbwa.