Mkuu wa Kaya Ni Nani? Funzo Kutoka Karatu na Ngorongoro

Sisi wa Visiwani tukitajiwa Ngorongoro, fikira zetu huenda moja kwa moja kwa faru, simba na watalii. Tukitajiwa Karatu, huenda tukakumbuka vitunguu vya Mang'ola. Leo yatupasa kuzitazama wilaya hizo mbili kwa jicho jingine. Huko, kwa taabu na kwa kuchelewa, wataalamu walijifunza kwamba anayeandika habari za jamii bila ya kumhesabu mwanamke huwa ameandika nusu ya habari. Jambo hilo ndilo msingi wa taaluma ya wanawake na jinsia, ambayo imeota mizizi katika vyuo vikuu vya dunia na vya kwetu pia.

Tuanzie bonde la Oldupai. Tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey aliliona fuvu la kiumbe wa kale aliyeishi yapata miaka milioni 1.75 iliyopita, na siku hiyo mumewe Louis alikuwa amelala kambini kwa homa. Louis alikiita kiumbe hicho Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa zamani waliiitia pwani yetu, na ambalo lina mzizi mmoja na jina la Zanzibar. Mary hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na kwa muda mrefu sifa za ugunduzi ule zilimwendea zaidi mumewe. Ilipofika mwaka 1978, kundi lililoongozwa na Mary mwenyewe likafukua nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6, na hapo hapakuwa tena na wa kumtilia shaka.

Tushuke sasa hadi Ziwa Eyasi, wanakoishi Wahadzabe. Mwaka 1966 wataalamu walikutana Chicago kuzungumza juu ya jamii zinazoishi kwa kuwinda na kuokota, na kitabu cha mkutano huo, kilichotoka mwaka 1968, kilibeba jina la mwanamume mwindaji. Lakini James Woodburn, aliyekwisha kuishi na Wahadzabe, alikuwa ameona kwamba sehemu kubwa ya chakula chao ilitokana na mimea. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes na wenzake walikwenda huko, wakapima kazi na kupima watoto. Waliona kwamba mabibi waliokwisha kupita umri wa kuzaa ndio waliotumia saa nyingi zaidi kuchimba mizizi ya porini. Tena, mama alipokuwa na mtoto mchanga kifuani, uzito wa yule aliyeachishwa ziwa ulitegemea juhudi ya bibi yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997, na hadi leo yanajadiliwa na kila anayejiuliza kwa nini binadamu wa kike huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa. Bibi huyo alikuwa akichimba siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kumhesabu.

Kwa Wamasai nako mambo ni hayo hayo. Katika boma la Kimasai kila mke hujenga nyumba yake kwa mikono yake, hupewa ng'ombe wake wa kukamua, naye ndiye mwenye kauli juu ya maziwa. Dorothy Hodgson, aliyefanya utafiti wake Monduli, wilaya inayopakana na Karatu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 jinsi mkoloni alivyomtambua mwanamume peke yake kuwa mkuu wa kaya, mlipa kodi na mwenye ng'ombe. Haki za mwanamke, ambazo hazikuwa zimeandikwa popote, zikamomonyoka kidogo kidogo kwa sababu daftari la serikali halikuwa na nafasi yake.

Wapo wanaosema kwamba taaluma hii ni kasumba ya kigeni iliyoletwa kugombanisha watu majumbani. Historia yetu yakataa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Ilipodhihirika kwamba sharti hilo linawafungia wasichana mlango, Chama kiliwaondolea baada ya muda mfupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanawake wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliunda vikundi vya kufanya utafiti na kukusanya maandishi juu ya mwanamke wa Tanzania. Marjorie Mbilinyi na Ophelia Mascarenhas walichapisha orodha yenye uchambuzi ya maandishi hayo mwaka 1983. Ruth Meena akahariri kitabu juu ya jinsia Kusini mwa Afrika mwaka 1992. Majirani zetu wa Makerere walifungua idara kamili mwaka 1991. Susan Geiger, mgeni kutoka Marekani, alimhoji Bibi Titi Mohamed na wenzake kuanzia mwaka 1984, na kitabu chake cha mwaka 1997 kikatukumbusha sisi wana-Chama jinsi wanawake walivyoijenga TANU.

Sheria nayo imepiga hatua. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuambulia mgawo. Huko Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, na kuagiza kwamba katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, wasiopungua watatu wawe wanawake.

Pamoja na hayo, daftari bado lina mkuu wa kaya mmoja. Kuanzia mwaka 2022 Serikali imewahamishia baadhi ya wakazi wa Ngorongoro huko Msomera, wilaya ya Handeni. Safu hii haikusudii kuingia katika ubishi wa kuhama na kutohama. Yauliza jambo moja tu: mtu mwenye wake watatu, ambao kila mmoja alikuwa na nyumba aliyoijenga mwenyewe, akipewa nyumba moja kwa jina lake, wale watatu wameandikwa wapi? Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Asiyeandikwa naye ni vivyo hivyo.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Bara peke yake. Tangu mwaka 1989, ilipoanza biashara ya kilimo cha mwani Paje na Jambiani, wanawake ndio walio wengi katika kazi hiyo, maji yakiwafika magotini na jua utosini. Afisa anapoandika mapato ya kaya, na ajiulize jina la nani linatangulia, na kwa sababu gani.

Kwa hiyo basi, yatakiwa mambo mawili. Kwanza, wasomi wa taaluma hii waandike kwa Kiswahili na kuyarudisha matokeo vijijini. Utafiti uliotoka kwa bibi wa Eyasi ukaishia katika kabati la maktaba ya ng'ambo ni deni lisilolipwa. Pili, maafisa wetu, kila wanapogawa nyumba, ardhi au mikopo, waandike jina la mke kando ya jina la mume, na wake wakiwa wengi, waandikwe wote. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala mtaalamu kutoka nje. Yahitaji safu moja zaidi katika fomu, na nia ya kuijaza.