Asilimia Nne ya Vijana Huamuliwa Kwenye Kata

Aprili 2023 Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni Dodoma kwamba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotolewa na halmashauri inasitishwa hadi upatikane utaratibu mpya. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilikuwa imetoka karibuni, ikaonyesha kwamba zaidi ya shilingi bilioni 88 zilizokopeshwa vikundi hazijarejeshwa, na kwamba baadhi ya vikundi vilivyochukua fedha vilipotafutwa havikuonekana. Vilikuwa vikundi hewa. Vijana waliokwisha kuandika katiba ya kikundi, kufungua akaunti na kupeleka andiko la mradi kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata hawakuwa na la kufanya ila kusubiri. Dirisha lilifunguliwa tena Julai 2024.

Muda huo wote sera ya vijana ilikuwapo. Tanzania iliandika Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana mwaka 1996, ikaiandika upya 2007, na sasa kuna toleo la 2024. Sera inamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, umri uleule uliokubaliwa na nchi za Afrika katika Mkataba wa Vijana wa Afrika uliopitishwa Banjul mwaka 2006. Kati ya watu 61,741,120 waliohesabiwa katika Sensa ya 2022, zaidi ya theluthi moja wako katika umri huo. Sera inazungumzia ujuzi, ajira, mitaji, afya, malezi na ushiriki wa vijana katika maamuzi. Lakini kijana wa Nkasi au Newala hakutani na sera. Anakutana na mtendaji wa kata, ofisa maendeleo ya jamii na kamati ya mikopo, na hao ndio wanaompa au kumnyima maana ya yale yaliyoandikwa Dodoma.

Historia ya fedha hizi inaeleza mengi. Tangu miaka ya 1990 halmashauri zilielekezwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, nusu kwa wanawake na nusu kwa vijana. Kwa kuwa lilikuwa agizo tu, mkurugenzi aliyebanwa na posho za vikao na madeni ya wazabuni aliona mfuko wa vijana ndio wa kwanza kuchotwa. Mwaka 2018 Bunge liliibadili Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, agizo likawa sheria: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo usiwe na riba. Kanuni zikafuata mwaka 2019. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na waliopigania kifungu hicho wanastahili shukrani, kwa sababu hapo sera ya vijana ilifungwa kwenye shilingi zinazohesabika.

Tatizo ni kwamba asilimia haiangalii umaskini wa eneo. Chukua mfano wa hesabu tu. Halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 50 zinazoingia katika hesabu hii itatenga bilioni 2 kwa vijana wake. Inayokusanya bilioni 2 itatenga milioni 80, na kama kila kikundi kitapewa milioni 10, ni vikundi vinane kwa mwaka, katika wilaya yenye kata ishirini au thelathini. Kwa maneno mengine, kijana aliyezaliwa kwenye halmashauri yenye viwanda, hoteli na soko kubwa ana nafasi nyingi za kukopeshwa kuliko mwenzake wa halmashauri inayoishi kwa ushuru wa mazao, ingawa huyo wa pili ndiye mwenye njia chache zaidi za kutafuta mtaji. Serikali kuu hutuma ruzuku kwa shule na zahanati ikiangalia mahitaji ya eneo. Kwa mfuko wa vijana, kila halmashauri inakula kwa urefu wa kamba yake, na hilo ndilo jambo la kwanza linalotakiwa kurekebishwa.

Jambo la pili ni namna vikundi vinavyoundwa. Sharti la kukopa kwa kikundi lina mantiki: kijana asiye na nyumba wala shamba la kuweka dhamana anadhaminiwa na wenzake. Ila dhamana ya namna hiyo inafanya kazi pale watu walipokuwa pamoja kabla ya fedha kufika. Vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama, vyenye sanduku na funguo tatu, hudumu kwa sababu wanachama wamekwisha kujuana kwa kuchangishana kila wiki. Kikundi cha vijana kilichoundwa baada ya kusikia tangazo redioni kina mwenyekiti, katibu na muhuri, lakini hakina mazoea ya kulipana. Fedha zikiingia, kila mmoja anachukua fungu lake, mmoja ananunua bodaboda, mwingine anafungua genge, wa tatu anahamia mjini. Marejesho yakichelewa hakuna wa kumuuliza. Ndipo ripoti za ukaguzi zinapojaa.

Hapo lawama zisiwaendee vijana peke yao. Mkopo uliotolewa mwezi Juni ili mwaka wa fedha ufungwe vizuri hauwezi kumfaa mkulima wa alizeti anayehitaji mbegu Novemba. Fedha zilizokabidhiwa kwa hundi ya mfano mbele ya kamera, siku ya mbio za Mwenge, bila mafunzo ya kutunza daftari la mapato na matumizi, zimetolewa kwa ajili ya picha. Na ofisa maendeleo ya jamii ambaye kata yake ina vijiji vitano, hana pikipiki wala mafuta, anawezaje kujua kama mashine ya kufyatulia matofali bado inafanya kazi au imeuzwa? Ufuatiliaji ndio roho ya mkopo usio na riba wala dhamana ya mali. Pale usipopangiwa fedha, halmashauri imepanga hasara.

Mikopo iliporudi 2024, serikali ilitangaza kwamba shilingi bilioni 227.96 zitakuwepo kwa makundi yote matatu katika mwaka wa fedha 2024/25. Halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kutoa mikopo kupitia benki, zikiwemo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma na manispaa za Kigoma Ujiji na Songea. Nyingine ziliendelea na kamati, zikiwa zimeimarishwa kwa uhakiki kuanzia kata hadi wilaya, na maombi sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa Wezesha. Benki ina uzoefu wa kukusanya madeni na mfumo unafanya kikundi hewa kionekane mapema, kwa kuwa kila mwanachama anatambuliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Haya ni mazuri. Lakini benki haifundishi kufuga kuku, wala mfumo haupiti nyumba kwa nyumba kuangalia kama vifaranga wamechanjwa.

Badiliko moja linahitaji kujadiliwa kwa uwazi zaidi. Katika fungu la vijana, umri wa wanaume umepanuliwa kutoka 35 hadi 45. Sababu inaeleweka: wanawake wana asilimia 4 yao isiyo na ukomo wa umri, ilhali mwanamume akipita 35 alikuwa hana dirisha lolote. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka 20 aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA na cheti cha uchomeleaji anagombea fungu lilelile na fundi wa miaka 44 mwenye karakana, wateja na akaunti ya siku nyingi. Kamati yoyote inayoogopa hasara itamchagua fundi. Ingekuwa haki kutenga sehemu ya asilimia 4 kwa walio chini ya miaka 25 pekee.

Kuna fursa nyingine ambayo vijana wengi hawaijui, na pengine ni kubwa kuliko mkopo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazitaka taasisi za serikali kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kinaweza kuomba zabuni ya kushona sare, kutengeneza madawati, kusafisha ofisi au kupeleka chakula kwenye semina. Kenya ina mpango kama huo wa asilimia 30 tangu 2013, na kilio kikubwa cha vijana huko ni malipo kuchelewa miezi hadi mtaji unakatika. Halmashauri za Tanzania zina nafasi ya kukwepa kosa hilo kwa kuyalipa makundi haya kwanza. Kikundi kinachopata mkopo Januari na zabuni ya madawati Machi kina uhakika zaidi wa kurejesha kuliko kile kilichokopeshwa kikaachwa kutafuta soko chenyewe. Ni ajabu kwamba idara ya maendeleo ya jamii na kitengo cha manunuzi, ambazo mara nyingi ziko kwenye jengo moja, hazipangi mambo haya kwa pamoja.

Sauti ya vijana wenyewe bado ni dhaifu. Sheria ya kuanzisha Baraza la Vijana la Taifa ilipitishwa mwaka 2015, ikiwa na ngazi zinazoshuka hadi mashinani, lakini miaka mingi ilifuata bila vijana kuliona baraza lenyewe likifanya kazi. Kukosekana kwake kunaumiza zaidi kwenye kata, mahali ambapo mjumbe mmoja wa vijana mwenye haki ya kuuliza angetosha kuibua kikundi hewa kabla mkaguzi hajafika kutoka Dodoma.

Kwa sasa, kijana mwenye wazo na wenzake wanaoaminiana asianze na muhuri. Waanze kuweka akiba pamoja, hata kidogo kidogo, na kuandika kila shilingi. Kisha waende ofisi ya kata wakaulize mambo mawili ambayo ni haki yao kuyajua: halmashauri ilikusanya kiasi gani mwaka uliopita, na asilimia 4 yake ilitolewa kwa vikundi gani. Taarifa za mapato na matumizi zinapaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji au mtaa. Pale zisiposomwa, waombe kwa barua, na nakala wampelekee diwani.